Makanisa ya Kale ya Pwani Yana Mafundi Wake

Kila anayezuru Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja, huonyeshwa zile nguzo. Ni nyembamba, zimesimama kichwa chini miguu juu: kilichochongwa kiwe kichwa cha nguzo kimekaa sakafuni, na kilichokusudiwa kiwe kitako kimekwenda juu. Inasimuliwa kwamba Askofu Edward Steere alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha bila yeye, naye aliporudi akaona heri ziachwe. Hapo wageni hucheka. Mara ya mwisho nilipokuwepo, darasa zima la wanafunzi wa shule ya msingi lilicheka, na mwalimu wao akacheka nao.

Kicheko kile kinaniuma, na ndicho kilichonifanya niandike. Tunapocheka tunakubali kisa chenye watu wa aina mbili, askofu aliyejua na mafundi wasiojua. Hatutazami kilicho juu ya nguzo. Juu kuna ukuta, na ukuta huo umebebwa tangu miaka ya 1870 mpaka leo. Katika majengo ya mawe ya Mji Mkongwe mzigo hubebwa na kuta nene. Nguzo nyembamba yenye kichwa na kitako vya kuchongwa ilikuwa pambo geni, la desturi ya nchi nyingine. Fundi aliyekabidhiwa pambo hilo alilisimamisha likabeba. Alikosea desturi ya pambo, akapatia kazi ya jengo.

Tumezoea kuyaita makanisa ya kale ya pwani "majengo ya Wazungu". Waumini wanasema hivyo, na wasio waumini wanasema hivyo kwa mkazo zaidi. Ni kweli kwamba fedha nyingi zilichangwa Ulaya, michoro kadhaa ilichorwa Ulaya, na waliotoa amri walitoka huko. Lakini jengo lenyewe ni mawe yaliyovunjwa na mtu, chokaa iliyochomwa na mtu, na maarifa ya kuyashikamanisha katika hewa ya chumvi. Maarifa hayo yalikuwa ya hapa, tena yalishapata karne kadhaa kabla mmisionari wa kwanza hajateremka jahazini. Kwa kuwa tumesahau hilo, leo tunayakarabati makanisa haya kama vile hayakuwahi kuwa na ufundi wake, na ukarabati huo ndio unaoyamaliza.

Nianze na ukuta. Jiwe la pwani ni la matumbawe, na mafundi walilijua kwa sura mbili. Lipo linalochimbwa nchi kavu, gumu, lenye matundu na kingo za kukata mkono. Hilo ni la kujengea mwili wa ukuta. Lipo linalokatwa baharini likiwa bado bichi, laini kiasi cha kukubali tezo, kisha likikauka hukaza. Hilo ni la matao, vizingiti na nakshi. Mihrabu za misikiti mingi ya kale zilichongwa katika jiwe hilo la bahari. Chokaa nayo hutoka humo humo. Matumbawe hupangwa juu ya tanuu la magogo, yakaungua hadi yakawa meupe na mepesi, yakazimwa kwa maji, kisha tope lake likaachwa shimoni liive. Ikipakwa ukutani pamoja na mchanga, chokaa hiyo huvuta hewa na taratibu, kwa miezi na miaka, hurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa pwani una asili moja kuanzia ndani mpaka nje. Jiwe, kiungo na lipu ni ndugu, vyote vina matundu madogo, na unyevu unaopanda kutoka ardhini unapata njia ya kutoka.

Halafu kuna boriti. Boriti ya mkoko hubeba vizuri mpaka kama mita tatu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe, toka Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Mti ndio ulioamua upana wa maisha ya watu. Msikiti uliotaka nafasi zaidi ulipanga safu za nguzo katikati, na kwa watu wanaosali kwa safu, nguzo zilivumilika. Kanisa lilikuja na hitaji lingine. Mkusanyiko wote unapaswa kuiona altare na kumsikia anayesoma, na msitu wa nguzo unaziba macho. Nani angeziba uwazi mpana kiasi hicho, kwa kitu gani, na bila boriti?

Jibu la Mkunazini ndilo linalonivutia kuliko jengo lolote la enzi yake. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa lililokuwa mahali pale. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Paa lake ni tao moja refu, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kulazwa juu ya kuta, na lilimiminwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji iliyoletwa kwa meli. Wapo waliotabiri kwamba litaporomoka. Limekaa. Nani aliyeponda kokoto zile, aliyezipandisha kwa karai, aliyejenga ngazi na viunzi vya kushikilia tao mpaka likauke? Wafanyakazi wa mji ule, wakiwemo watu ambao miaka michache nyuma wangeweza kuuzwa kwenye uwanja huo huo.

Na tazama kilichokutana pale. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Saa ya mnarani inasemekana ilitoka kwa Sultani mwenyewe, Mwislamu. Jiwe limetoka baharini. Mchoro wa mwanzo ni wa Mwingereza, Charles Forster Hayward, na aliyesimamia ujenzi siku kwa siku ni Steere, ambaye katika miaka hiyo hiyo alikuwa akitafsiri Biblia kwa Kiswahili. Alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Mtu anayeliangalia jengo hilo akaona Uingereza peke yake, hakuliangalia.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu haya hayakuwa makanisa ya kwanza. Malindi, pwani ya Kenya, ipo kapela ndogo sana ya Wareno, kuta nyeupe, makaburi pembeni, paa la makuti. Vasco da Gama alifika mji huo 1498, na mwaka 1542 mmisionari Francis Xavier alipita akielekea India akamzika hapo msafiri mwenzake. Kinachonigusa pale ni makuti. Makuti huchakaa, hung'olewa, huezekwa mapya, na kila anayeezeka anagusa jengo bila kulijeruhi. Kapela imeishi kwa kubadilishiwa nguo.

Mombasa mambo yalikwenda vingine. Kanisa moja la Wareno lilikuwa ndani ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Lilikuwa kanisa la wenye mizinga. Mwaka 1631 mtawala wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza jina la Jerónimo, aliasi na kuiteka ngome. Wareno walirudi, lakini 1698 Waomani waliichukua baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na kanisa likaisha na utawala wake. Leo utaona mabaki yake uani. Wanaisimu wengi wanalitoa neno letu "gereza" katika neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya zamani bado inaitwa Gereza. Nadhani hakuna hukumu nzito kuliko hiyo. Kanisa lililokaa nyuma ya ukuta wa bunduki, lisilo na jamii ya watu wa mji, lilituachia jina la mahali pa kufungia watu.

Makanisa ya karne ya 19 yalidumu kwa sababu yalikuwa na wenyewe. Wenyewe hao walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliokombolewa utumwani. Hili ndilo tajiri kuliko yote katika historia hii na ndilo linaloandikwa kwa herufi ndogo.

Chukua Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1870 na misheni ya CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Waliokaa pale walikuwa watumwa waliookolewa majahazini, na pamoja nao watu waliokuwa wamepelekwa India baada ya kuokolewa, wakasomeshwa Nasik, wakajifunza useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono, kisha wakarudi. Katika kijiji chao waliweka kengele juu ya nguzo za mawe ili kuwaonya watu pindi wavamizi wanapokuja kuwarudisha utumwani. Kengele hiyo ipo mpaka leo kando ya barabara, na eneo zima linaitwa Kengeleni. Kila siku makondakta wa matatu wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" na abiria wanashuka. Kwa watu wa Frere Town mlio ule ulikuwa tofauti kati ya kulala huru na kuamka umefungwa. Kanisa lao, Emmanuel, lilijengwa miaka ya 1880, na ukilitazama utaona kuta zilezile za matumbawe na chokaa.

Rabai ni kilomita chache kutoka hapo, juu ya kilima. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alihamia huko 1846 akiwa na Johannes Rebmann, miaka miwili baada ya kumzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa. Maandishi mengi yanaishia kwa hao wawili. Mimi naona Rabai ya miaka ya 1880 ni kubwa zaidi. Watumwa watoro kutoka mashamba ya pwani walikimbilia pale, wakapokewa na jamii iliyokuwa ikiongozwa na William Jones, mtu aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe. Mabwana zao wakaja kuwadai. Mvutano ukaisha kwa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani wakati huo kulipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru. Kanisa la mawe la Mtakatifu Paulo lililopo Rabai ni la miaka hiyohiyo. Watu wale walijenga wakiwa hawajui kama kesho watakuwa huru. Ukilijua hilo, hutaweza tena kuupita ukuta ule bila kuugusa.

Upande wa Bagamoyo, Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa, na kufikia 1872 palikuwa na kanisa. Mnara wake bado umesimama. Unaitwa Mnara wa Livingstone. Sababu ni kwamba Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa pale kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Waliouleta ni Chuma na Susi na wenzao, waliotembea nao kwa miezi mingi kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Ukitaka kuona jinsi majina yanavyogawiwa, simama chini ya mnara ule. Aliyepita pale akiwa maiti ndiye mwenye jina. Waliombeba hawana mnara. Waliojenga mnara wenyewe, waliochoma chokaa yake, hawatajwi hata kwa ujumla wao.

Unguja, Mbweni, kanisa la Mtakatifu Yohana la mwaka 1882 nalo lilikuwa la kijiji cha waliokombolewa. Katika misheni hiyo ya Unguja alilelewa John Swedi, mmoja wa wavulana watano ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer mwaka 1864. Alipewa ushemasi 1879. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa pia, akawa kasisi 1890. Nawataja kwa sababu tukisema "makanisa ya Wazungu" tunawafuta hawa pia, si waashi peke yao.

Hapa sina budi kugusa jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Jirani na kanisa la Mkunazini wageni huteremshwa katika vyumba vya chini vyenye dari fupi na kuambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri mnada. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kwa shughuli za tiba, baada ya soko kufungwa, na watafiti wamelihoji simulizi hilo kwa sababu hiyo. Hili halipunguzi hata tone la uovu uliotendeka pale. Soko lilikuwepo, watu waliuzwa, na ndani ya kanisa duara la marumaru mbele ya altare linaonyesha mahali ambapo kwa mapokeo ulisimama mti wa kuchapia. Ila jengo ni ushahidi, na ushahidi hauongezwi chumvi. Tukimruhusu msimuliaji kulilazimisha jiwe liseme lisilolijua, atakayekuja kesho kukanusha utumwa wote ataanzia hapo.

Mwishoni mwa karne ya 19 sura ilibadilika. Makanisa yakaanza kujengwa na dola au chini ya kivuli chake, na yakataka kuonekana. Kanisa la Mtakatifu Yosefu la Unguja, ambalo watu wa mji wanaliita Minara Miwili, lilijengwa na Wafaransa kati ya 1893 na 1898, na minara yake ndiyo inayoonekana mapema na anayeingia kwa bahari. Dar es Salaam, Wajerumani walijenga makanisa mawili karibu kwa wakati mmoja ukingoni mwa bandari: la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, lililoanza 1897, na la Kilutheri linaloitwa leo Azania Front, lililoanza 1898, yote mawili yalikamilika 1902. Azania Front ni la Kijerumani wazi kabisa, kuanzia mnara hadi vigae vyekundu. Lakini ukikaa chini ya miti iliyo mbele yake utaona vijipaa vidogo vya vigae vilivyotokeza juu ya madirisha. Kazi yake ni kivuli. Jua la Dar es Salaam lilimlazimisha aliyechora akubali kwamba hayuko kwao.

Mombasa ilipata kanisa kuu la Kianglikana lililowekwa wakfu 1905, lenye kuba na matao ya mtindo wa Kiarabu, kwa mchoro wa John Sinclair, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye baadaye alichora majengo mengi ya Unguja. Kanisa hili husifiwa sana kwamba "limeheshimu utamaduni wa pwani". Ni zuri, nalipenda, lakini sifa hiyo naikataa. Misikiti ya kale ya pwani mingi haina kuba kubwa ya kuonekana kwa mbali. Mapaa yake ni bapa, na fahari yake iko ndani, kwenye mihrabu. Kuba ya Sinclair ni wazo la ofisa kuhusu namna nchi ya Waislamu inavyopaswa kuonekana. Kanisa la Mkunazini, pamoja na madirisha yake yenye ncha ya Kizungu, au kanisa la kawaida la Frere Town, vina upwani mwingi zaidi, kwa sababu upwani wake umo ndani ya ukuta. Tunapojadili uasili wa jengo tunaangalia sura mno na kusahau kuuliza limetengenezwaje.

Na hapa ndipo ukarabati unapoingia.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa moja la zamani la pwani, ambalo sitalitaja. Kuta zilikuwa zimeanza kumwaga lipu. Tulifanya harambee, watu wakatoa kwa moyo, wajane wakatoa. Mkandarasi akaja, akabandua chokaa yote hadi kimo cha mtu, akapiga lipu ya saruji, akapaka rangi ya mafuta inayong'aa, akabandika marumaru za sakafuni na kubadilisha madirisha ya mbao kwa alumini. Siku ya kuzindua tulipiga picha. Nami nimo kwenye picha, nimetabasamu.

Baada ya masika mawili, rangi ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Chini ya vimbe kulikuwa na unga mweupe wa chumvi. Tukampata mzee mmoja, fundi chokaa, aliyekuwa amestaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani kauvisha ukuta huu mfuko wa nailoni?"

Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaniambia nisikilize. Chini palikuwa na sauti ya debe tupu. Juu, palipobaki chokaa ya zamani, palikuwa na sauti nzito, fupi. Akachukua bisibisi, akachokoa kidogo. Kipande cha saruji chenye ukubwa wa sahani kikaanguka kizima, na nyuma yake jiwe la matumbawe lilikuwa limelowa na kubonyea kwa kucha. Akaeleza kwa maneno machache. Maji yanapanda kutoka ardhini, hayo hayazuiliki. Zamani yalikuwa yanatokea kwenye lipu yanakauka kwa upepo. Saruji imeyafungia. Yakikosa njia yanapanda juu zaidi, na chumvi inayobaki nyuma inakua, inalisaga jiwe. "Saruji haikukosea," alisema. "Imepelekwa mahali pasipo pake."

Alikuwa sahihi, na Mkunazini ni shahidi wake: kule saruji ilitumika juu kwenye tao, palipohitaji nguvu, mbali na unyevu wa ardhi. Sisi tuliipeleka miguuni mwa ukuta, ambako jengo linapumulia. Tulifanya hivyo kwa sababu tuliona chokaa ni kitu cha umaskini, cha kupaka miti kandokando ya barabara, na saruji ni maendeleo.

Beit al-Ajaib ya Unguja, kasri la zamani la Sultani la mwaka 1883, jirani wa umri mmoja na makanisa haya, iliporomoka upande wake siku ya Krismasi ya 2020 ikiwa kwenye matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Sisemi sababu zilikuwa hizi za kwetu. Nasema majengo haya hayatoi onyo kwa herufi kubwa.

Mtu atauliza: sheria iko wapi? Unguja, Mji Mkongwe una mamlaka yake na umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Kanisa la Mkunazini limepata ukarabati wa kitaalamu katika muongo uliopita. Tanzania Bara ndiko kwenye pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Hesabu mwenyewe. Misheni ya Bagamoyo, ya kwanza ya Kikatoliki bara, ni ya 1868. Kwa miaka mitano tu, jengo kongwe kuliko yote la misheni linakosa ulinzi huo wa moja kwa moja, na kila kanisa lililofuata linalazimika kusubiri tangazo la serikali linalolitaja kwa jina. Sheria hiyohiyo inalinda mlango wa mbao wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Yaani mlango wa mwaka 1939 una ulinzi na ukuta wa mwaka 1872 unaoushikilia hauna. Mwaka 1863 ulipochaguliwa ulikuwa miaka 101 nyuma. Leo umri kama huo ungetuleta kwenye miaka ya 1920, na makanisa yote niliyoyataja upande wa bara yangeingia. Bunge halihitaji kuandika sheria mpya. Linahitaji kubadilisha tarehe.

Najua upande wa pili wa hoja, nimeukalia mwenyewe kwenye vikao. Parokia si makumbusho. Waumini wameongezeka, ndoa za Jumamosi zinagongana, watoto wa Shule ya Jumapili wanasomea nje, na padri anayeomba kibali cha kupanua hawezi kuambiwa abaki na viti mia mbili kwa ajili ya historia. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini Bagamoyo walikutana nayo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walipohitaji nafasi, kati ya 1910 na 1914 walijenga kanisa jipya kubwa ndani ya uwanja uleule, na mnara wa kanisa la kwanza wakauacha. Kujenga pembeni kunawezekana pale penye kiwanja, na misheni nyingi za zamani zina kiwanja. Kisichowezekana ni kumrudisha mwashi wa 1872 aje aonyeshe alikoficha kiungo.

Na mwashi wa leo naye anakwisha. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha tofali na zege, na vijana wanaomaliza hawajawahi kuona tanuu la chokaa likiwaka. Dayosisi na jimbo lenye makanisa matatu ya kale lingeweza kumwajiri fundi chokaa mmoja na vijana wawili wa kujifunza chini yake, mwaka mzima, kwa gharama ndogo kuliko ya kubandika marumaru kanisa moja. Tulipopendekeza hivyo kwenye kamati yetu, tuliulizwa kama fundi huyo ana cheti.

Hana. Ana mikono. Mzee wetu ni Mwislamu. Anasema baba yake alikuwa akitengeneza msikiti wa mtaani na kanisa letu kwa shimo moja la chokaa, na kila upande ulileta magogo yake. Tulimwomba atujaribie kipande kimoja karibu na sakristia, upana wa mita moja. Alibandua saruji yote, akauacha ukuta wazi kwa wiki kadhaa ukauke, akaupiga brashi kuondoa chumvi, kisha akapaka tabaka tatu nyembamba za chokaa iliyokuwa imelala shimoni miezi mitatu. Kila tabaka alilifunika kwa gunia bichi ili lisikauke haraka. Vijana wawili wa kwaya walikuwa wakimshikia ndoo, na siku ya tatu akampa mmoja wao mwiko.

Masika yamepita. Kulia na kushoto kwa kipande kile rangi imevimba tena na inadondoka sakafuni. Wafagiaji wanaifagia kila Jumamosi. Kipande chenyewe ni cheupe, kikavu, na ukiweka kiganja kinakuwa baridi kama jiwe la kisimani. Pembeni, chini kabisa, kuna alama ya vidole vitatu ambavyo yule kijana aliviegemeza kabla chokaa haijakaza. Mzee aliiona, akaiacha.